Ukifika penye mti, uliza: siku yangu moja na kamera Malindi

Saa 11:30 alfajiri

Nje bado kiza. Nimeshakagua betri mbili na kadi, maana wiki iliyopita nilifika kazini na kamera isiyo kadi, na aibu ile bado ninayo.

Kijana mmoja anayepeleka vifurushi kwa vespa hapa Mji Mkongwe, Unguja, ameniagiza picha 40. Hataki Ngome Kongwe wala milango ya njumu. Anataka vile vitu ambavyo mtu huvitaja kwenye simu anapoelekeza: mti, mnara, baraza, duka la kona. Hapa hakuna anayekwambia nambari ya nyumba. Utaambiwa, "Njoo mpaka penye mti, ukifika uliza." Yeye ni mtu wa shamba. Mti ule wanaoujua wote, yeye haujui.

Saa 12:30 asubuhi

Diko la Malindi. Vibua, changu, nguru mmoja mrefu kama mtoto wa skuli, na dalali aliyekwisha kukauka sauti kabla jua halijatoka. Nimepiga picha tatu nikaondoka. Ukisimama hapa na kamera bila kununua kitu unazuia njia, na wachukuzi hawakwambii mara mbili.

Saa 1:30

Nimeuacha ufuo nikakata mji mpaka Darajani. Wageni hushangaa kwa nini naikimbia bahari asubuhi. Sababu ni jua: nyumba za Mizingani zinatazama machweo, kwa hiyo asubuhi nyuso zao zimo kivulini. Darajani panatazama mashariki, na soko la mwaka 1904 saa hizi limeoga mwanga, mapaa na vikapu vya ndizi vyote.

Na Darajani kwenyewe hapana daraja. Lilikuwapo, likivuka ule mkono wa bahari uliokuwa ukiingia na kutoka kwa maji kujaa na kupwa, ukitenga Mji na Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa, leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa, lakini upande wa pili bado tunauita Ng'ambo, kana kwamba mtu akitaka kwenda lazima apande ngalawa.

Saa 3:00

Chapati mbili, maharage ya nazi, chai ya rangi. Mengine hayaandikiki.

Saa 4:00

Karibu na lango la bandari. Kamera imo mfukoni na mfuko nimeufunga. Bandarini hapapigwi picha bila ruhusa, na mie sina. Lakini alama kubwa kuliko zote za mtaa huu ni harufu. Msimu wa karafuu ukianza, mzigo wa Pemba ukishushwa na kupangwa maghalani, mtu anaweza kukuelekeza kwa pua tu: "Ukishaisikia karafuu, kata kulia." Nimeandika hivyo hivyo kwenye daftari, alama namba 17, haina picha. Kijana wangu atanielewa, akikataa nitampunguzia bei.

Saa 6:30 mchana

Hii ndiyo saa ninayoingoja siku nzima. Vichochoro vya Malindi na Kiponda ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa adabu, na kuta ni ndefu. Jua huingia mchana tu, kwenye vile vinavyoelekea kaskazini, halafu hutoka. Dakika 20, ukibahatika. Katika dakika hizo baraza ya chokaa inang'aa, nyaya za umeme zinachora kivuli ukutani, na paka aliyelala hapo tangu asubuhi anahama kwa hasira.

Kwenye baraza niliyoitaka alikuwa amekaa bibi mmoja akichambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unapiga nini?"

"Baraza, bibi. Watu huitaja wanapoelekeza."

"Wanasemaje?"

"Kwa bibi wa mandazi."

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Mandazi aliacha kupika zamani, magoti hayamruhusu. "Basi piga baraza, mie usinipige," akasema, akainuka na ungo wake. Mwanga ulikuwa unakwisha. Nimepiga mara nne, ya tatu ndiyo.

Adhuhuri nimesali msikiti wa Bamnara. Mnara wake wa umbo la pia, wenye michoro ya msumeno kuuzunguka, nimeupiga kutoka pande tatu, kwa sababu kila kichochoro huuona kivyake.

Saa 8:00

Nyumbani, kompyuta, feni. Kuzipa picha majina kunachukua muda kuliko kuzipiga.

Saa 10:30 jioni

Sasa Mizingani. Jua limegeuka, na Dispensari ya Zamani imewaka yote, roshani zake za mbao zilizochongwa kama lesi. Tajiri Tharia Topan ndiye aliyeanza kuijenga mwaka 1887. Akafa kabla haijamalizika, ikaja kukamilika 1894. Wagonjwa hawaendi tena, jina halijaondoka. Darajani hapana daraja, Forodhani hapana forodha, Dispensari hapana dawa.

Mbele kidogo, Mti Mkubwa. Husemwa ulipandwa mwaka 1911. Chini yake wapo manahodha wa boti za kisiwa cha Changuu, na fundi anayegonga pamba kwenye nyufa za mashua kwa nyundo ya mbao. Hii itakuwa picha namba 1.

Saa 11:45

Imebaki picha moja. Simu ikalia, kijana wangu: "Kaka, mteja anasema yuko penye saa. Nimezunguka Forodhani mara mbili, sioni saa."

Nilikuwa nimeshaapa kuipita Beit el-Ajaib bila kufungua kamera. Mnara wake wa saa uliporomoka Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba iliyoanguka ikaua watu wawili. Sijawahi kupiga picha hapo tangu siku ile.

"Simama mbele ya Beit el-Ajaib," nikamwambia. "Nakuja."

Nilipofika, mzee mmoja mwenye kofia alikuwa amesimama peke yake, mgongo kaupa jumba, akingojea kifurushi chake. Nikamsalimia, nikamwomba ruhusa. Akatikisa kichwa kukubali, akaangalia saa yake ya mkononi.

Namba 40.