Ethi ya amplifaya ya Bombo

Jana binti yangu alisogeza bodi ya redio dirishani akaniuliza, "Baba, mbona lehemu hii inang'aa na ile imefifia?" Nilimjibu, lakini mawazo yalikuwa yameshakwenda Bombo, Uganda, kwa Mzee, fundi aliyenifunza kulehemu.

Ilikuwa 2006, maji ya Ziwa Victoria yameshuka, mgao wa umeme umetuchosha. Kesho yake mpwa wa Mzee alikuwa anaolewa, doluka, ngoma ya Wanubi, ichezwe hadi alfajiri, na amplifaya aliyoiunda mwenyewe kwa transista za 2N3055 ilikuwa inanguruma. Sauti yenyewe ilikuwa kali, yenye mikwaruzo. "Huo ni mvumo wa mia," Mzee alisema. Umeme wetu ni wa hezi 50; ukishapita kwenye dayodi nne zinazoufanya uende upande mmoja tu, kapasita, inayohifadhi chaji, hujazwa mara 100 kwa sekunde. Tukafungua kasha. Hapo hapo umeme ukakatika.

Mzee hakulalamika. Alitoa chuma chake cha zamani, chenye kichwa cha shaba, akakilaza kwenye makaa ya sigiri. Kilipopata moto akakipangusa kwa kitambaa kibichi, akagusisha lehemu kidogo nchani, ikatandaa. Kisha akanipa mimi.

"Mwanangu, lehemu usiiyeyushie kwenye chuma. Pasha waya na kituo chake kwanza, vyenyewe viiyeyushe."

Nikakibana chuma kwenye kiungo kikuu cha ethi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia mkondo, kile kilichokuwa kijivu, chenye chembechembe. Moshi wa utomvu ukapanda hadi machoni. Lehemu ya zamani ikalegea, nikaongeza mpya upande wa pili, nikaiona inavutwa na kuzama kati ya nyuzi za waya. Nikaondoa chuma.

"Sasa usitikisike!"

Nilikuwa nimeushika waya kwa koleo. Lehemu ile ya bati 60 na risasi 40 haigandi kwa mara moja: kuanzia karibu nyuzijoto 190 hadi 183 inakuwa kama uji, na waya ukicheza hapo, kiungo kinabaki na nyufa ndani. Mzee alileta taa ya mafuta karibu, uso wake na wangu juu ya nukta ile moja. Ikameremeta, ikatulia, ikabaki inang'aa. Akaguna tu. Kwa Mzee hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Chuma kilikuwa bado na joto, nikamwomba ruhusa nihamishe na waya wa ethi wa maikrofoni. Ulikuwa umeungwa katikati ya njia ambayo mkondo wa kujaza kapasita hupitia. Nikaupeleka peke yake hadi kwenye mguu hasi wa kapasita kubwa, ethi zote zikutane hapo. Jenereta ya harusi ilipoletwa, tukawasha. Mvumo haukuwepo.

Mzee aliwaambia wageni kwamba ni kiungo. Mimi naamini ni njia ya waya. Lakini kiungo kibovu nacho huongeza ukinzani kwenye ethi, na ukinzani ndio unaogeuza mkondo ule kuwa sauti, kwa hiyo hoja yake ilikuwa na uzito. Tulibishana miaka hadi alipofariki. Amplifaya inayonguruma ikiletwa kwangu, bado nafanya yote mawili kabla sijawasha, na ubishi wetu haujapata hakimu.