Nakala Tatu za Snow White na Ukungu wa Ziwani

Katika kabati la sebuleni kwangu, hapa Kirumba, Mwanza, zimo nakala tatu za filamu moja, na hakuna hata mbili zinazolingana. Ya kwanza ni mkanda wa video uliotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, ya pili ni mkanda wa Uingereza, na ya tatu ni DVD ya mwaka 2001. Zote ni Snow White and the Seven Dwarfs, hadithi ya vibeti saba na binti aliyelishwa tufaha lenye sumu, ambayo Walt Disney aliizindua Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937. Wageni huniuliza kwa nini nisibaki na moja nikazigawa nyingine. Ninaamini kwa dhati kwamba kila toleo la filamu ya zamani ni kitu chake peke yake, na anayelitupa la kale kwa kuwa amepata jipya hutupa mambo ambayo hilo jipya halikuyachukua.

Mkanda wa Marekani niliupata kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja, ndani ya belo la midoli lililokuwa limefunguliwa asubuhi ile. Mchuuzi alinisalimu kwa Kisukuma, “Mwangaluka, dada,” kisha akanisogezea kasha jeupe la plastiki, nene kama kitabu, lenye jalada ambalo rangi zake hazijapauka. Alitaka shilingi elfu mbili, na juu yake akaniongezea kibeti kimoja cha plastiki, Dopey, yule asiyesema neno lolote tangu mwanzo wa filamu hadi mwisho. Kibeti kilichukuliwa na mtoto wa dada yangu siku hiyo hiyo, nami sikumnyima, kwa maana mdoli umetengenezwa ili uchezewe. Kasha nililishika mwenyewe hadi nyumbani.

Jioni tuliutia mkanda kwenye deki ya mjomba, na picha ikaja haina rangi, ikipanda juu ya kioo bila kutulia. Mkanda wenyewe ulikuwa mzima. Televisheni za Marekani zilifuata mfumo wa NTSC, wenye mistari 525 na takriban picha 30 kwa sekunde, ilhali huku kwetu tulifuata PAL, wenye mistari 625 na picha 25. Deki ya mjomba iliufahamu mfumo mmoja tu. Fundi mmoja wa mtaani alitueleza hivyo bila kutoza senti, akatuazima deki inayosoma mifumo yote, na usiku ule Mama alikaa nasi hadi mwisho, ingawa alfajiri alitakiwa awe kwenye soko la samaki la Mwaloni kupokea dagaa.

Mkanda wa Uingereza nao una siri yake, ambayo niligundua kwa kutazama saa. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Ili iingie katika PAL, waliiharakisha kidogo ifikie picha 25, na kwa hiyo filamu ya dakika 83 ikamalizika baada ya dakika 80 hivi bila kukatwa hata tukio moja. Vibeti wanatembea upesi kidogo na sauti zao zimepanda kidogo. Mtu aliyekua na mkanda huo akisikiliza ule wa Marekani atahisi kwamba nyimbo zimechelewa, na hatakuwa amekosea, kwa sababu wimbo wa utoto wake kweli ulikuwa wa kasi nyingine.

Inafaa kukumbuka kwamba kwa muda mrefu sana hakuna mtu wa kawaida aliyeweza kuimiliki filamu hii kihalali. Kampuni iliirudisha kwenye majumba ya sinema mwaka 1944, wakati wa vita, ikaona kwamba watoto wapya wanazijaza kumbi kana kwamba ni filamu mpya, na tangu hapo ikawa inaitoa, inaificha, kisha inaitoa tena: 1952, 1958, 1967, 1975, 1983, 1987 na 1993. Filamu nyingine za kampuni hiyo hiyo zilikwishatoka kwenye mikanda tangu miaka ya themanini, lakini hii ilizuiliwa hadi Oktoba 1994. Mwaka huo huo ndipo Tanzania Bara ilipoanza kuwa na vituo vyake vya televisheni. Hivyo filamu ya mwaka 1937 na televisheni ya nyumbani zilitufikia karibu kwa pamoja, na kizazi changu hapa Mwanza hakikuwahi kuziona kama vitu vya zama mbili tofauti.

Kabla ya mikanda, mtu aliyeipenda filamu alibaki na bidhaa tu, na hapa ndipo ninapovutiwa zaidi. Kay Kamen, aliyesimamia leseni za Disney tangu 1932, alihakikisha midoli na vyombo vinakuwa madukani pamoja na filamu. Kampuni ya Chad Valley ya Uingereza ilitengeneza midoli ya kitambaa. Januari 1938 kampuni ya Victor ilitoa santuri tatu zenye nyimbo zilizochukuliwa kutoka kwenye filamu yenyewe, na hizo ndizo zinazotajwa kuwa albamu ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa. Na kuanzia 1938, jumba la sanaa la Courvoisier la San Francisco likauza zile karatasi angavu za seluloidi zilizopakwa rangi kwa mkono, ambazo kila moja ilionekana kwenye filamu kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Karatasi nyingi za namna hiyo katika studio zilioshwa ili zitumike tena. Kwa hiyo biashara, ambayo watu huilaumu kwamba inachafua sanaa, katika jambo hili iliokoa kazi za mikono ambazo vinginevyo zingeishia kwenye beseni la maji. Mimi naiheshimu kwa hilo.

DVD yangu ililetwa na jamaa anayeishi Uingereza. DVD hugawanywa kwa maeneo ya dunia yenye namba: hii imetiwa alama ya eneo la 2, na Tanzania ipo eneo la 5, kwa hiyo deki inayofuata masharti huikataa. Deki yangu ya Kichina haibagui. Ndani ya DVD hiyo Walt Disney mwenyewe, aliyefariki mwaka 1966, anasikika akiizungumzia filamu kupitia rekodi za zamani zilizounganishwa na maelezo ya mwanahistoria John Canemaker. Limo pia tukio la vibeti kunywa supu, lililochorwa kwa penseli na Ward Kimball, mchoraji wa studio ya Disney, ambalo Disney aliliondoa kwa kuwa liliichelewesha hadithi. Nimelitazama mara nyingi kuliko matukio mengi yaliyobaki.

Toleo la 2009 la Blu-ray, sahani yenye picha kali kuliko ya DVD, nimeliona kwa rafiki. Picha ya filamu hii ni karibu mraba, na kwenye televisheni pana za leo hubaki na mapengo meusi pande zote mbili. Toleo lile linakupa hiari ya kuyajaza mapengo hayo kwa michoro ya msanii Toby Bluth. Ni michoro mizuri, nami ningeizima. Afadhali hata hivyo kuliko zile DVD za kuchomwa, yaani zilizonakiliwa bila idhini, filamu ishirini kwenye sahani moja, ambamo picha imevutwa hadi vibeti wakawa wapana kama madebe.

Adui wa mikanda hapa ni unyevu wa ziwa. Machi iliyopita nilitazama kwenye kidirisha cha mkanda wa Marekani nikaona unga mweupe kandokando ya utepe. Ni ukungu, na mkanda wenye ukungu haupaswi kuchezwa, kwa sababu huchafua vichwa vya deki, na deki hiyo nayo huuambukiza mkanda unaofuata. Fundi aliufungua kwa skurubu tano, akaupangusa utepe taratibu kwa kitambaa kikavu kwa muda wa mchana mzima, kisha akahamishia magurudumu yake kwenye ganda la mkanda mwingine uliokuwa tupu. Lebo ya asili tuliibandua kwa mvuke wa birika na kuibandika upya. Sasa mikanda yote miwili imesimama wima ndani ya kopo lenye mfuniko, pamoja na mchele uliokaangwa ukakauka kabisa, ambao ninaubadilisha kila mwezi. Kasha jeupe ni kubwa mno kuingia humo. Lipo juu ya kabati, na kibeti cha plastiki kimerudishwa, kimekosa sikio moja, kinakaa mbele yake.