Begi la mlangoni

Mbukwenyi! (Ndiyo salamu yetu Wagogo.) Niko nyumbani Mvumi, Dodoma, kwa likizo ya wiki tano, na nimeshaaibika tayari.

Usiku wa tatu nilishtuka kama saa kumi alfajiri, harufu ya moshi imejaa chumbani. Kabla akili haijanirudia nilishavaa viatu, pasipoti mkononi, nagonga mlango wa Mjomba. "Mjomba, amka! Moto!" Akatoka na shuka begani, akanusa upepo, akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. "Mabua ya uwele hayo, mjomba," akasema (tunaitana hivyo wote wawili). "Nimechoma jana jioni. Kalale."

Ndiyo kuberega kwetu: unafyeka, unachoma, unangoja mvua, kisha unapanda bila kulima. Nimekulia kwenye moshi huo. Sikuwahi kuuogopa hadi nilipohamia Chico, kaskazini mwa California, ninakofanya kazi ya kutunza wazee.

Kule, kiangazi kikianza, begi la kukimbia nalo moto ukija linakaa mlangoni mpaka mvua zirudi: vyeti, dawa, chaja, picha ya marehemu mama. Novemba 8, 2018 nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Mji wa Paradise uko mlimani, si mbali na sisi. Asubuhi ile chuma kilichochakaa kwenye mnara wa umeme kilikatika, nyasi zikashika moto, upepo ukamaliza. Mchana nikaendesha gari nimewasha taa, jua halionekani. Watu 85 walikufa, wengi wao wazee, rika la hawa ninaowaogesha mimi. Majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea.

Baadaye watu wa zimamoto walitufundisha jambo ambalo sijalisahau: nyumba nyingi huwa haziguswi na moto wenyewe kwanza. Ni cheche. Upepo unazitanguliza mbali, zinatua kwenye majani makavu yaliyojaa kwenye mifereji ya paa, au zinapenya matundu ya hewa ya dari. Nikaikumbuka tembe ya babu, paa lake bapa la udongo tulilokuwa tunaanikia mtama. Cheche ingetua pale ingekula nini? Ingekufa njaa. Sisi tuliwacheka wazee kwa tembe zao, tukakimbilia bati.

Mtu ataniuliza, sasa unakaa huko kwa nini? Mshahara, sikatai. Lakini pia kuna ndege mmoja. Ni kigong'ota mwenye kofia nyekundu na uso kama wa mchekeshaji aliyejipaka rangi. Anatoboa mti matundu mamia kwa maelfu, na kila tundu anashindilia kokwa moja ya mwaloni. Kokwa ikikauka hunywea na kulegea, basi anaichomoa na kuihamishia kwenye tundu dogo zaidi, anaijaribu, anaigonga mpaka ikae. Ukoo mzima unalinda kihenge kimoja. Hata nguzo za umeme wanatoboa. Julai 2024 moto mwingine ulianzia bustani ya Bidwell, hapohapo Chico. Wiki kadhaa baadaye nilimkuta mmoja kwenye shina lililoungua upande mmoja. Mdomo mweusi kwa masizi, anakagua matundu yake moja moja, kama mama anayehesabu debe za mahindi baada ya wezi kupita.

Jana Mjomba alichoma kipande cha mwisho. Mwenyekiti wa kitongoji alishapewa taarifa, na pembeni palifagiwa njia pana ya kutosha mkokoteni kupita. Moshi haujapanda vizuri, mwewe hao! Nilihesabu kumi na wawili. Wanashuka ukingoni kabisa mwa moto, wanadaka panzi kwa makucha na kuwala hukohuko angani, bila kutua. Kule moshi ukionekana simu zote zinalia na watu tunakimbia. Hapa wenzetu wanaita chakula.

Mjomba akanipa tawi bichi. "Simama kule upepo unakoelekea. Ukiona kamoto kanavuka, kapige." Nikasimama, miguu inatetemeka, nikakapiga kamoja kadogo kama kiganja. Hakuna aliyeona ila mwewe.

Mke wa Mjomba ameshaliondoa begi langu mlangoni mara mbili, anasema linamzuia kufagia. Usiku nalirudisha.