Siku moja na mtoto wa Mwaloni

Saa 11:30 alfajiri niko Kirumba, jijini Mwanza. Mvua imenyesha usiku kucha, tope limefika kwenye kifundo cha mguu, lakini Mwaloni, soko la dagaa na samaki kando ya ziwa, hapalali: magunia ya dagaa yanapakiwa kwenye malori, wapagazi wanapiga kelele za kuomba njia. Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Watoto ninaowatafuta hupatikana muda huu, jua halijachomoza, wakiokota dagaa wanaomwagika magunia yakipita.

Leo nimemkuta mmoja, wa miaka tisa hivi. Shati la shule limebaki na vifungo viwili, pindo lake amelikunja kama mfuko na humo ndimo alimoweka dagaa wake. Sikumuuliza jina. Nilimuuliza anamuuzia nani, akanionyesha kwa kidevu mama mmoja mwenye beseni. Tulikaa juu ya gunia tupu karibu saa nzima ndipo akasema katokea upande wa Sengerema, kavuka na kivuko cha Kamanga peke yake, kajibanza pembeni ya lori.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia yule mama. Akaitikia, kisha akanieleza bila kuficha: "Mwanangu, hawa tunawalisha sisi. Kikombe cha uji, kiporo, nguo ya mwanangu iliyombana. Serikali nayo ituambie inatoa nini."

Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Saa 3 hadi saa 6 ni makaratasi: dawati la jinsia na watoto polisi, kisha vipimo hospitali. Bodaboda nimelipa mwenyewe, maana fedha za matumizi mengineyo za robo hii bado hazijatufikia.

Saa 7 mchana nimempeleka kwa familia ya kuaminika, mama ambaye ameshapokea watoto wengi kwa muda huku sisi tukitafuta ndugu zao. Halipwi. Aliosha miguu ya mtoto kwenye karai kabla hata ya kuniuliza habari zake. "Mshahara sitaki," akaniambia. "Nataka mtoto akiumwa usiku nisigonge milango ya majirani kukopa."

Saa 10 jioni, mkutano wa mtaa wa kupanga vipaumbele vya bajeti ijayo. Hapa ndipo moyo wangu ulipokuwa tangu asubuhi. Wananchi walitaja mfereji, barabara ya kupanda kule kwenye mawe, vyoo vya shule. Niliponyanyuka kuomba fungu la watoto walio katika mazingira hatarishi, mzee mmoja alisimama: "Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, lakini mtoto ana wazazi. Mkianza kuwalipia, watu watazaa na kuwaachia serikali." Dada mmoja akahofia hela zitaishia kwenye semina na posho. Hofu hiyo naiheshimu, nimeona semina nyingi. Halafu kijana wa bodaboda akasema taratibu, "Mimi nililala Mwaloni miaka miwili. Kama si fundi mmoja kunichukua, leo mngekuwa mnanikimbiza kama mwizi." Watu wakanyamaza.

Nikawaeleza ninachokiamini. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imeandikwa kwenye sheria, ndiyo maana mwananchi yeyote anaweza kusimama na kuuliza iko wapi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imeipa halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa mtoto, ila haikutaja asilimia. Jukumu lisilo na kiasi ni rahisi kulipunguza bajeti inapobana, na mtoto hana kura ya kumtisha diwani. Sikuomba jengo. Niliomba nauli, matibabu ya dharura na chakula cha siku za mwanzo.

Mikono ikahesabiwa. Mfereji ukashika namba moja, na siwalaumu, maji yanaingia majumbani mwao. La kwetu limeandikwa la tano. Nilimsimamia mtendaji mpaka akamaliza kuliandika, kwa wino, neno kwa neno.

Saa 2 usiku yule mama aliyempokea mtoto amenipigia. Mtoto amekula ugali sahani mbili, amelala, ila kabla ya kusinzia ameuliza kama kesho anaruhusiwa kuwahi dagaa. Kesho tunavuka naye Kamanga kumtafuta bibi yake. Nauli ya kwenda nimeitenga mezani. Ya kurudi nitaazima kwa jirani.