Sura ya nne, kwa mara ya sita
Nimeiandika upya sura ya nne kwa mara ya sita, kwa penseli, chai ikipoa mezani hapa Nakuru, kwa sababu wahusika wangu wawili, mwalimu na fundi baiskeli wanaopendana, walikuwa wakizungumza kama mashahidi kortini badala ya kuulizana ni nani aliyemaliza sukari. Mhariri mmoja alinishauri nimgeuze fundi awe mwanamke, nilimshukuru, nikakataa. Mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa mji huu, alijitangaza kuwa shoga mwaka 2014 katika insha aliyomwelekezea marehemu mama yake, akafariki Mei 2019, siku tatu tu kabla ya Mahakama Kuu kukataa kufuta vifungu vya sheria ya Kenya vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Mama yangu yu hai, nashukuru, na bado hajaniuliza ninaandika nini.