Kuwahi maziko Pumwani

Simu ililia saa nane usiku. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa amefariki nyumbani kwake Pumwani, Nairobi, na maziko yangekuwa siku hiyohiyo baada ya Adhuhuri. Mama aliuliza jambo moja tu: basi la kwanza linatoka Ubungo saa ngapi?

Basi! Ilikuwa mwaka 2016, na njia hiyo yeye aliijua kuliko mimi: Chalinze, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, kisha foleni ya Namanga. Kilomita kama 900. Ukitoka Dar alfajiri, Nairobi unaingia usiku, na hapo gari lisipate pancha. Angani ni kilomita 670 hivi, saa moja na robo. Ndugu wakachanga kwa simu usiku uleule, tukapata viti viwili kwenye ndege ya saa nne. Bahati pasipoti aliyoendea hija ilikuwa bado hai.

Lakini hiyo saa moja na robo ni ya angani tu. Tulitoka Kimara mara baada ya swala, na Tazara, ambapo daraja la juu lilikuwa bado halijajengwa, trafiki alitushikilia mpaka dereva akazima injini. Uwanjani nako foleni, ukaguzi, uhamiaji, kisha kungoja. Kwenye viti vya kungojea tulikaa kuliko tulivyokaa ndani ya ndege.

Juisi yenyewe sijaimaliza, rubani akatangaza kuwa Kilimanjaro iko kushoto. Mawenzi ilitangulia, imechongoka, Kibo nyuma yake na theluji yake kidogo. Abiria wa kulia wakahamia kwetu na simu zao. Kijana mmoja alimwinamia Mama kabisa: "Samahani mama, nipige moja tu." Mama akaegemea nyuma kumpisha, tasbihi mkononi, macho kwenye kiti cha mbele. Na huyu ndiye aliyekuwa akituamsha wote kwenye basi, kila mara mlima ukitokeza!

Tulitoka nje ya uwanja wa Nairobi saa tano na nusu imepita.

"Mombasa Road imeshikana, mama," dereva wa teksi alisema. "Wacha tupitie Outering."

Outering wakati ule ilikuwa inapanuliwa, vumbi na matingatinga mwanzo hadi mwisho. Simu ikawa haipoi. Mmefika wapi? Tuko Donholm. Bado tu? Jogoo Road tuliingia Mama akiwa ameshavua viatu, sijui kwa nini, ameviweka mapajani.

Jeneza lilikuwa limeshatolewa mlangoni, wanaume wamelibeba. Walipomwona wakarudi nalo ndani. Akafunuliwa uso wa kaka yake, akautazama, akamrekebishia sanda karibu na sikio, akasema, "Haya, mpelekeni." Adhana ilikuwa imeshaadhiniwa.

Baada ya hitma nilitaka kukata tiketi za ndege za kurudi. Alikataa katakata.

"Asubuhi niko Kimara, mchana kaka yangu keshazikwa. Mimi nipe basi, mwanangu."

Kazini walikuwa wananingoja, lakini nani angebishana naye? Tulipanda basi alfajiri. Alilia kuanzia Athi River mpaka Namanga, akanyamaza dirishani pa uhamiaji mpaka pasipoti ilipogongwa mhuri, kisha akaendelea upande wa pili.