Tulivyoyageuza mazoezi ya vitendo kuwa kazi halisi kwa wakuu wa shule watarajiwa

Nilipokabidhiwa uratibu wa shahada ya uzamili ya uongozi na utawala wa elimu, niliomba kwanza majalada ya ripoti za mazoezi ya vitendo za miaka iliyotangulia. Nilitaka kujua wanachuo wetu wakifika shuleni wanafanya nini hasa. Nyingi zilisimulia mambo yale yale: mwanachuo alihudhuria kikao cha walimu, akasaidia kusimamia mtihani, akaonyeshwa daftari la mahudhurio na vitabu vya hesabu. Chini kabisa mkuu wa shule ameandika kwamba mwanachuo ni msikivu na ana nidhamu. Sikupata mahali palipoelezwa uamuzi ambao mwanachuo aliufanya mwenyewe na kuwajibika nao.

Jambo hilo liliniuma. Watu hawa wakitoka kwetu wanakwenda kukabidhiwa shule nzima, walimu na watoto wake.

Darasani hatukuwa na upungufu. Tulifundisha sheria za elimu, mipango, fedha, mbinu za utafiti, na nadharia za utawala: Weber na urasimu wake, Taylor na usimamizi wake wa kazi kwa njia ya kisayansi, kanuni 14 za utawala za Fayol. Sidharau hata moja kati ya hizo, kwa sababu mkuu asiyejua sheria inayomlinda mwanafunzi anaweza kuleta madhara makubwa. Ila mtu aliweza kufaulu masomo yote hayo bila kuwahi kuketi na mwalimu mmoja wakazungumza juu ya kipindi alichokifundisha. Na kuzungumza na walimu juu ya ufundishaji wao ndiyo kazi yenyewe.

Kwenye kikao cha idara nilikwenda na vitu viwili. Cha kwanza ni ripoti ya mwaka 2005 ya Arthur Levine, wakati huo akiwa rais wa Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, kuhusu vyuo vya Marekani vinavyoandaa viongozi wa shule. Hakuwaonea haya wenzake: alisema mitaala haishikani na kazi, udahili umelegea, na mazoezi ya vitendo ni hafifu. Cha pili ni uchambuzi wa Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake, uliotoka mwaka 2008. Walikusanya matokeo ya tafiti zilizokwisha kufanywa, wakayapanga matendo ya uongozi katika mafungu matano, kisha wakapima lipi linagusa zaidi matokeo ya wanafunzi. Lililoongoza, tena kwa mbali, ni kiongozi kusukuma na kushiriki mwenyewe katika kujifunza kwa walimu wake. Niliwauliza wenzangu ni wapi kwenye mtaala wetu mwanachuo anajifunza hilo kwa kulifanya.

Profesa mmoja wa siku nyingi alinipinga waziwazi. "Hiki ni chuo kikuu," alisema. "Tukiishia kufundisha ufundi wa kazi, nadharia tutaiacha wapi?" Hoja yake ilikuwa ya haki na niliichukua. Tulikubaliana kwamba kila ripoti ya mazoezi iwe na sehemu ambayo mwanachuo anaeleza alichokiona kwa kutumia nadharia aliyosoma, na kuonyesha pale nadharia ilipomsaidia na pale ilipomwacha njiani. Profesa huyo sasa ndiye msomaji mkali kuliko wote wa ripoti hizo, na namshukuru.

Muda ndio uliotusumbua. Chuo Kikuu cha Illinois kilichopo Chicago kinamweka mwanachuo wake shuleni mwaka mzima, chini ya mkuu mzoefu, huku akilipwa. Sisi wanachuo wetu wengi ni walimu walioajiriwa. Ruhusa ya mwaka hawapati na pesa ya kuwalipa hatuna. Kwa hiyo mazoezi tuliyatandaza katika mwaka mzima wa masomo, sehemu kubwa akiifanya kwenye shule anakofundisha, na sehemu akiifanya kwenye shule isiyofanana na yake. Aliyezoea shule kubwa anapelekwa ndogo. Wa sekondari anakwenda msingi.

Kisha tukaandaa makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosainiwa na mwanachuo, mkuu mlezi (mkuu wa shule anayemwongoza mwanachuo wakati wa mazoezi) na mhadhiri. Yana maswali matatu tu: ni tatizo gani la ufundishaji linashughulikiwa, mwanachuo amepewa mamlaka gani, na ni ushahidi gani utaonyesha kama kuna kilichobadilika. Swali la pili ndilo lililoleta mjadala. Mkuu mmoja aliniambia, "Daktari, kikiharibika kitu, wazazi watanitafuta mimi, si wewe." Alisema kweli. Tulichofanya ni kupunguza ukubwa wa jukumu na kuuacha uzito wake: mwanachuo anaongoza idara ya somo moja, au walimu wa darasa la ngazi moja, kwa muhula mzima. Vikao anaviitisha yeye, ajenda anapanga yeye, na anaingia kwenye vipindi vya wenzake kisha anazungumza nao. Mkuu anabaki na neno la mwisho, lakini haruhusiwi kumfanyia kazi hiyo.

Hapo kwenye kuingia darasani ndipo tulipoweka nguvu nyingi kuliko pote.

Mazungumzo ya kwanza ya karibu kila mwanachuo yanafanana: "Hongera mwalimu, somo limekwenda vizuri, ila jitahidi kuwashirikisha wanafunzi." Mwalimu anashukuru, wanaagana, kesho yake hakuna kilichobadilika. Mwalimu hakuambiwa kitu anachoweza kukishika. Kwa hiyo kabla hawajakwenda shuleni tunawafanyisha mazungumzo haya kwenye semina. Mmoja anakuwa mwalimu na mwingine kiongozi, na tunawapa hali ngumu kwa makusudi: mwalimu aliyemzidi kiongozi umri, mwalimu aliyekuwa rafiki yake wa karibu, mwalimu anayelia. Tunasimamisha katikati, tunajadili, wanaanza upya.

Nakumbuka mwanachuo mmoja niliyekwenda kumwangalia shuleni. Kipindi kilikuwa cha sehemu katika hesabu. Aliketi nyuma na karatasi aliyochora ramani ya madawati, na kila mwalimu alipomuuliza mwanafunzi swali, aliweka alama kwenye dawati lake. Baada ya kipindi walikaa kwenye chumba kitupu, viti viwili ubavu kwa ubavu, meza pembeni. Hakuanza na sifa wala lawama. Aliuliza, "Mwalimu wangu, ulitaka wakitoka hapa waweze kufanya nini?" Mwalimu akaeleza: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. "Na unadhani wangapi wameweza?" Mwalimu akasema wengi, maana majibu yalikuwa sahihi. Ndipo mwanachuo akaisogeza ile karatasi mbele yake na kunyamaza.

Alama zote zilikuwa kwenye safu mbili za mbele, isipokuwa moja karibu na dirisha.

Mwalimu aliiangalia kwa muda. "Kumbe nyuma kule sijamuuliza mtu." Mwanachuo akasema tu, "Tufanyeje kipindi kijacho?" Jibu lilitoka kwa mwalimu mwenyewe: kila mtoto aandike jibu kwenye karatasi kabla ya yeyote kunyoosha mkono, naye apite katikati ya madawati akisoma. Wakapanga siku ya mwanachuo kurudi kuona. Mazungumzo yote hayakufika robo saa. Kwangu mimi, aliyeweza hayo ameanza kuwa mkuu wa shule, hata kama kwenye mtihani wa nadharia za utawala amepata alama za wastani.

Ukimya ule haumjii mtu kwa kuusoma. Wengi wanashindwa kunyamaza, wanakimbilia kutoa ushauri, na mwalimu anajifunga. Ndiyo maana kila mwanachuo anatakiwa kurekodi sauti ya mazungumzo yake, kwa idhini ya mwalimu husika, na kuyasikiliza pamoja na mkuu mlezi. Wanaona aibu mwanzoni, kisha wanazoea.

Fedha tulizishughulikia kwa njia ya mkato: bajeti ya mfano ya kitabuni tuliiacha, mwanachuo akapewa bajeti halisi ya shule aelezee ni kiasi gani kinafika darasani.

Udahili nao ulihitaji kuguswa. Wengi wanaomba shahada hii kwa sababu inapandisha cheo na mshahara, na siwalaumu, watu wana familia. Lakini nafasi zetu ni chache. Sasa kwenye usaili tunawaonyesha video ya kipindi na kuwauliza wangemwambia nini yule mwalimu. Hatutafuti jibu sahihi. Tunaangalia kama macho ya mwombaji yako kwa watoto au yako kwa mwalimu tu. Anayesema "mwandiko wake ubaoni ni mzuri" na kuishia hapo, huwa tunamwomba aangalie tena.

Wakuu walezi wamekuwa wagumu kuwapata kuliko nilivyotarajia. Mkuu mzuri ana kazi nyingi, na asiye na kazi nyingi mara nyingi si yule unayemtaka. Malipo hatuna. Tulichoweza kuwapa ni kutambuliwa rasmi na chuo, matumizi ya maktaba, na semina ya pamoja ambako wanaleta matatizo ya shule zao wenyewe. Hiyo semina ndiyo inayowashikilia. Mkuu wa shule ni mtu mpweke kazini, na wengi waliniambia ni mahali pekee wanapoweza kusema "hili limenishinda" mbele ya watu wanaoelewa.

Tunachokisukuma sasa ni mwaka wa kwanza baada ya uteuzi. Wahitimu wetu wakishapata shule wanaendelea kunipigia simu, mara nyingi usiku, na karibu kila mara ni kuhusu mwalimu mmoja ambaye hawajui waanze naye vipi. Nimeiomba idara itambue ufuatiliaji huo kuwa sehemu ya mzigo wa kazi wa mhadhiri, na kila mhitimu mpya abaki na mlezi wake kwa mwaka huo wote. Pendekezo liko kwenye kamati, na orodha ya walezi waliokubali nimeiambatisha.